Piano Isiyopigwa: Kumbukumbu katika Tamthilia ya Watu Weusi

Wanaodai tamthilia mpya ya watu weusi hukubaliana upesi kwamba sharti iote mizizi katika mila. Linalobaki bila jibu ni hili: mila ikishapandishwa jukwaani, ifanye kazi gani? Makala hii yalichunguza swali hilo kwa njia ya The Piano Lesson, tamthilia ya August Wilson (1945–2005), mwandishi mweusi wa Marekani, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1990. Ni moja ya tamthilia zake kumi, kila moja ikibeba muongo mmoja wa karne ya 20.

Kisa chatokea Pittsburgh mwaka 1936. Berniece na kaka yake Boy Willie wagombea piano ya ukoo. Zamani za utumwa, piano hiyo ilinunuliwa kwa kutoa watu wawili wa ukoo huo, mama na mwanawe. Seremala aliyenyang'anywa mke na mtoto akazichonga sura zao katika mbao zake. Mwaka 1911 baba yao Berniece na Boy Willie aliuawa baada ya kuitwaa piano kutoka nyumba ya mabwana. Sasa Boy Willie ataka kuiuza ili anunue shamba walikotumikishwa wahenga wake. Berniece hakubali kuiuza, wala haipigi.

Hapo ndipo ubora wa Wilson. Mzuka wa mtu wa ukoo wa mabwana waingia nyumbani, na maombi ya mchungaji hayaufukuzi. Waondoka pale tu Berniece anapoketi, akapiga piano na kuwaita wafu wake kwa majina. Basi urithi uliofungiwa hauna nguvu. Nguvu yake hutokea katika kutumiwa. Sisi tunalielewa jambo hili. Katika Zaire ya miaka ya 1970, ngoma za jadi zilitumiwa kuusifu utawala. Mila ilionekana kila mahali, lakini haikuruhusiwa kuuliza neno.

Hata hivyo, mwisho wa tamthilia waacha deni. Boy Willie aridhika na kuondoka, na suala la ardhi lazimika pamoja na mzuka. Mizimu imeitika, lakini shamba halijapatikana. Mtazamaji ana haki ya kuuliza kama faraja ya kiroho haikuchukua nafasi ya haki.

Jambo la pili ni lugha. Wahusika wa Wilson husema Kiingereza cha watu weusi wa mitaani, bila kuombewa radhi. Hapa kwetu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya vivyo hivyo. Mwaka 1986 lilitunga mchezo juu ya mamlaka, kutokana na usemi mmoja, kwa Kiswahili cha mji na bila maandishi yaliyotangulia. Johannes Fabian akauchapisha na kuufafanua mwaka 1990. Wako wasomi wanaokiona Kiswahili hicho kuwa hakifai jukwaa la heshima. Twapinga. Kumbukumbu ya mababu waliochimba shaba haikuhifadhiwa kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili cha kamusi. Mwanafunzi anayeitafsiri kwanza ndipo aiandike, amekwisha kuipunguza.

Kwa hiyo tamthilia mpya na ipimwe kwa maswali mawili: je, mila ndani yake yatenda au yapamba tu? Na je, wahusika wasema kwa kinywa cha nani?