Tangi Lisilo na Bamvua

Mwamba wa matumbawe hufagiliwa na bahari yenyewe. Bamvua hujaa na kupwa, mkondo hupita, na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzolewa hadi kilindini. Tangi la kioo la lita 200 lililowekwa sebuleni halina kilindi cha kupokea uchafu wake. Kinachoingia humo hubaki humo mpaka kitolewe na mkono wa mtu au kitumiwe na kiumbe fulani. Kwa hiyo mjuzi wa ufugaji wa matumbawe, akialikwa kuangalia tangi la mwenzake, haanzi na samaki. Huuliza nitrati iko ngapi, kisha huuliza swali linalopima ufundi hasa: mwezi uliopita ilikuwa ngapi, na mwezi wa kabla yake?

Nitrati huanzia kwenye chakula. Samaki hula protini na kutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, na wenzao huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia huua upesi, kwa hiyo kila mfugaji huiogopa. Nitrati hujikusanya kimyakimya.

Hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi. Protini ina naitrojeni takriban asilimia 16. Gramu moja ya chakula kikavu ambacho nusu yake ni protini ina naitrojeni gramu 0.08, na naitrojeni hiyo ikigeuka yote kuwa nitrati inafikia kama gramu 0.35. Ndani ya lita 200, hiyo ni nyongeza ya miligramu 1.8 kwa lita. Mwenye kulisha kiasi hicho kila siku, ikiwa hakuna kinachoiondoa, angevuka miligramu 50 kabla mwezi haujaisha. Ndiyo sababu mjuzi hupenda kufika saa ya kulisha, aone ni kiasi gani kinamwagwa na ni kiasi gani kinaliwa kabla ya kuzama nyuma ya mawe.

Je, kiwango kizuri ni kipi? Maji ya mwamba wenye afya baharini huwa na nitrati kidogo mno, mara nyingi chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Wafugaji wengi hulenga kati ya 2 na 10, na wapo wanaopita hapo kidogo bila madhara. Tofauti hiyo haitokani na uzembe. Baharini tumbawe hupitiwa na vijidudu vya kuliwa usiku na mchana, kwa hiyo hupata lishe hata kama maji ni maskini. Ndani ya kioo karamu hiyo haipo, na naitrojeni iliyoyeyuka majini huziba sehemu ya pengo. Kuisifu sifuri ni kosa la wanaoanza. Tangi lililokaushwa nitrati na fosfati mara nyingi huvamiwa na utando wa kahawia wenye mapovu, unaovutika kama kamasi, na kuuondoa huchukua miezi.

Kipimo cha kwanza cha mjuzi ni jicho lake. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimwani vinavyolilisha kwa nguvu ya mwanga. Naitrojeni ikizidi, vijimwani huongezeka na kahawia yao hufunika zambarau, buluu na kijani vya tumbawe lenyewe. Lishe ikipungua mno, rangi hufifia mpaka tawi likaonekana kama limefuliwa mara nyingi juani. Wanaoanza husifu rangi hizo hafifu kwa sababu zinapendeza kwenye picha, lakini ni rangi za njaa. Rangi ya afya ina kina, na kwenye matumbawe ya matawi ncha zinazokua huwa nyepesi kuliko shina.

Jicho halitoshi, kwa kuwa nitrati ina mwenzake. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba matumbawe yenye naitrojeni nyingi lakini yaliyonyimwa fosfati huwa mepesi kupauka yakipatwa na joto au mwanga mkali. Mfugaji anayetaja nitrati bila kutaja fosfati ametoa nusu ya habari.

Kisha huja chupa ya kupimia. Vipimo vingi vya nyumbani vimejengwa juu ya mmenyuko uliotangazwa mwaka 1879 na Peter Griess, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia huko Burton-on-Trent, Uingereza. Unga wa metali, kwa kawaida zinki, huirudisha nitrati kuwa nitriti, na nitriti hupaka maji rangi ya waridi. Namba ikiwa ya ajabu, mjuzi huishuku mikono kabla ya maji: unga uliotuama bila kutikiswa hutoa waridi hafifu na faraja ya uongo. Rangi hulinganishwa mchana karibu na dirisha, kamwe si chini ya taa ya buluu ya tangi. Tena husoma maandishi ya pakiti kwa makini, kwani vifaa vingine huhesabu naitrojeni peke yake; namba hiyo huzidishwa kwa 4.43 ili kupata nitrati kamili. Watu wamebishana usiku kucha juu ya maji yaleyale kwa kutokujua jambo hili.

Njia za kuiondoa ni nyingi, na kila moja ina dalili za kazi nzuri. Lee Chin Eng, mfugaji wa Indonesia, alieleza mwaka 1961 jinsi alivyotegemea mawe yaliyotoka mwambani na viumbe vyake, pamoja na mapovu ya hewa tu. Jean Jaubert wa Monaco alilaza mchanga juu ya wavu uliofunika maji tuli. Chini humo oksijeni ni haba, na bakteria huipokonya nitrati oksijeni yake huku naitrojeni ikitoka kama gesi. Mchanga wa namna hii hutaka kuachwa. Madoa meusi yenye harufu ya yai viza yakichokolewa huachia sumu, na mwenye pupa ya usafi anaweza kupoteza samaki wote kwa siku moja.

Njia inayopendeza zaidi kuitazama ni ya mwani. Wakulima wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, hawatii mbolea. Mmea hujitafutia lishe majini. Fundi wa tangi hutumia tabia hiyohiyo. Huweka mwani wa nyuzi kwenye chumba cha chini chenye taa yake, kisha huuvuna. Kuvuna ndiko kunakoitoa naitrojeni nje. Mwani uliosongamana bila kupunguzwa, ukianza kuwa mweupe na kuyeyuka, unairudisha ilikotoka.

Kubadilisha maji kunaeleweka vibaya kuliko njia zote. Kutoa asilimia 10 hupunguza asilimia 10 tu. Tangi lenye miligramu 40, likibadilishwa hivyo mara tano, linabaki na takriban 24, na hapo chakula cha muda wote huo hakijahesabiwa. Maji mapya nayo hupimwa kabla ya kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi miligramu 50 za nitrati kwa lita katika maji ya kunywa, na kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kupita hapo. Mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima akitoa nitrati kwa ndoo moja na kuiingiza kwa nyingine.

Wapo wanaotia siki kidogo kidogo, bakteria wazaliane na kuibeba naitrojeni, kisha mashine ya povu iwakokote nje. Inafanya kazi. Lakini dozi kubwa ya haraka huyafanya maji kuwa meupe na kumaliza oksijeni usiku, na nitrati inayoporomoka ghafla huogopwa na wafugaji wazoefu kuliko iliyo juu lakini imetulia. Daftari linaloonyesha 12, 11, 12, 10 ni la fundi. Linaloonyesha 25, 0, 15, 2 ni la mtu anayekimbizana na tangi lake, hata kama leo limesoma 2.

Daftari hilo lina faida ya pekee siku ya kununua kipande cha tumbawe. Kipande kilichokulia kwenye 15 kikitupwa kwenye 1, mara nyingi hupauka ndani ya wiki chache, na muuzaji hulaumiwa bure. Mnunuzi makini huomba chupa ndogo ya maji ya tangi la muuzaji, huipeleka nyumbani, na kuyapima hayo pamoja na maji ya tangi lake siku hiyohiyo kwa kifaa kilekile, kwa sababu vifaa vya kampuni mbili vinaweza kupishana. Pengo likiwa kubwa, huyasogeza maji yake taratibu kwa wiki kadhaa, ndipo hurudi kuchukua kipande.