Kibanda cha Shoshi na Usawa Usiotajwa

Nilipoanza kutafuta maandishi kuhusu wanawake wanaopigania usawa katika dini ya Kiyahudi, nilitarajia majina ya mbali: Regina Jonas, aliyetawazwa kuwa rabi Ujerumani mwaka 1935 na kuuawa Auschwitz mwaka 1944, au wanawake ambao tangu 1988 wanakusanyika kwenye Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, wakidai kusoma Torati kwa sauti. Sikutarajia kwamba kitakachonishughulisha zaidi ni kitabu cha watoto, tena cha mwandishi Mganda.

Kitabu chenyewe ni The Very Best Sukkah cha Shoshanna Nambi, kilichotoka mwaka 2022 kwa Kiingereza, na picha zake zimechorwa na Moran Yogev. Nambi anatoka katika Abayudaya, Wayahudi wa karibu na Mbale, jumuiya iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919 na kunusurika marufuku ya Idi Amin. Alisomea urabi katika Hebrew Union College, chuo kilekile kilichomtawaza Sally Priesand mwaka 1972.

Hadithi ni fupi. Shoshi na kaka zake, Avram na Daudi, wanapamba kibanda cha familia kwa ajili ya Sikukuu ya Vibanda. Kijijini kuna mashindano ya kibanda bora. Usiku, nyota zikionekana kupitia matawi ya paa, Jjajja anawasimulia hadithi. Dhoruba inakuja, na baada yake majirani wanasaidiana kujenga upya. Basi.

Msomaji wa haraka atauliza: usawa uko wapi hapo? Hakuna msichana anayekatazwa kusali, wala mzee anayemfukuza. Mgogoro wote ni wa mashindano. Nami nilikuwa karibu kukiweka kando kwa sababu hiyohiyo, mpaka nilipokumbuka jambo moja la sheria. Mishna inasema kwamba wanawake, watumwa na watoto hawafungwi na wajibu wa kukaa kibandani. Wajibu huo ni wa mwanamume mzima. Sasa tazama Nambi ameweka nani katikati ya kibanda: mtoto wa kike na bibi kizee. Wale wawili ambao sheria ya kale iliwapita ndio wenye sikukuu. Na hilo halitangazwi. Linafanyika tu, kama vile Nabugoye, ambako wanawake wanaongoza ibada na kusoma Torati. Si Abayudaya wote walio hivyo. Kijiji cha Putti kinafuata njia ya Kiorthodoksi, na huko nafasi ya mwanamke katika ibada ni nyingine. Kitabu hakigusi tofauti hiyo, na kwangu huo ni upungufu, ingawa naelewa kwamba hadithi ya kurasa chache haiwezi kubeba ugomvi wa vijiji viwili.

Nilikisoma kwanza hapa Ruti, peke yangu. Mara ya pili nilikisoma Nakivale kwa watoto wa dada yangu, nikikigeuza kwa Kiswahili papo kwa papo, na hapo ndipo kilipopata shida. Kwanza neno Jjajja. Kwa Kiganda neno hilo ni la bibi na la babu pia, na mpwa wangu mkubwa, anayesikia Kiganda sokoni, alikata shauri mara moja kwamba msimulizi ni babu, maana anayefundisha mambo ya Mungu ni mwanamume. Kiswahili changu kilimsaidia kukosea: “akasimulia” haisemi jinsia ya mtu. Ilibidi nimwoneshe picha. Akaitazama sana. Akasema, “Kumbe ni nyanya.” Nadhani katika dakika ile kitabu kilifanya kazi ambayo hotuba yangu isingeifanya.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Nilieleza kwamba kibanda lazima kiezekwe kwa matawi, nyota zionekane, kwa kumbukumbu ya Waisraeli waliokaa vibandani baada ya kutoka Misri. Mpwa mdogo akauliza kwa nini mtu mwenye nyumba ya bati aende kulala panapovuja kwa hiari yake. Familia yetu ilianzia hapa chini ya turubai. Hadithi inaegemea mno mapambo na zawadi, na haikunipa jibu la kumpa mtoto huyo. Sikukuu inayokumbuka safari ya wasio na makao, ikisimuliwa Uganda, nchi yenye wakimbizi wengi hivi, ilistahili walau aya moja zaidi ya uchungu kutoka kwa Jjajja. Mwanamke aliyepewa kiti cha msimulizi apewe na jambo zito la kusimulia.

Hata hivyo ningependa kitafsiriwe. Na atakayekitafsiri asiweke “bibi” mahali pa Jjajja ili kurahisisha. Aliache neno kama lilivyo, picha iwe kando yake, na mtoto akate shauri vibaya kwanza.