Mikono Isiyogusa Kibodi

Jambo la kwanza analofanya ni kuisogeza kompyuta ya mpakato mbele ya mgeni. Kisha anavuta kiti chake nyuma kidogo, mahali anapoweza kuiona skrini bila kuifikia, na mikono yake anaiweka mapajani. Kuanzia hapo mpaka kikao kiishe hatagusa kibodi wala kipanya, hata mgeni akikwama kwenye herufi moja na chai ikapoa.

Mwanamke huyu anaishi Nyamirambo, Kigali. Siku za kazi yuko ofisini. Jumamosi alasiri huwapokea vijana wanaotaka kuandika makala yao ya kwanza katika Wikipedia. Halipwi. Vijana humwita dada, na akiitwa mwalimu husahihisha palepale. Nimemtazama kwa karibu, na naandika habari zake kwa kuwa ufundi huu haubaki na alama ya mwenyewe: makala ikikubaliwa, jina litakalosomeka katika historia ya ukurasa ni la mgeni, si lake.

Wengi hufika wakidhani kazi ni ya dakika chache. Wamesikia kwamba kamusi elezo hii, iliyoanzishwa mwaka 2001, iko wazi kwa kila mtu, na ni kweli. Lakini katika Wikipedia ya Kiingereza mlango wa makala mpya una walinzi. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba ukurasa wenye jina lake ulikuwa umebeba uzushi kwa miezi, ukimhusisha na mauaji ya Rais Kennedy. Mwaka huohuo wasiojisajili wakazuiwa kuanzisha makala. Tangu 2018 hata aliyejisajili sharti akaunti yake iwe na umri wa siku 4 na maharirio 10 ndipo aweze kuchapisha ukurasa moja kwa moja. Mgeni anaweza kuanza na rasimu: anaiandika pembeni, anaiwasilisha, anangoja mhakiki wa kujitolea aisome na kuamua.

Kijana niliyemkuta siku moja alikuwa wa mtaa wa Biryogo, amemaliza sekondari, na alitaka kuandika kuhusu uwanja wa mpira wa Nyamirambo. Dada hakumwambia kitu. Alimwomba tu aandike jina la uwanja kwenye kisanduku cha kutafutia, kwanza jina la zamani, kisha jina jipya. Uwanja huo ulipewa jina la Pelé mwezi Machi 2023, wakati FIFA ilipofanya mkutano wake mkuu Kigali, na ukurasa wake upo tayari. Kijana akauona mwenyewe, akausoma, akanyamaza. Hakuna aliyemwambia amechelewa. Dada akauliza, "Mdogo wangu, kwenu Biryogo kuna nini ambacho watu wa mbali hawakijui?"

Jibu lilikuja polepole. Babu yake huwasimulia habari za kambi ya Waswahili, pale utawala wa Wabelgiji ulipowaweka Waislamu na wafanyabiashara wa Kiswahili katika mtaa wao wa peke yao, mbali na wengine. Dada akainuka kidogo kwenye kiti. Wakatafuta tena, safari hii kwa majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda, kwa tahajia mbalimbali, kwa sababu mara nyingi jambo la Afrika hujificha ndani ya Wikipedia kwa tahajia ya mkoloni.

Hapo nilitarajia waanze kuandika. Alichotoa ni karatasi na kalamu.

Kabla ya sentensi yoyote, anataka vyanzo, na kila chanzo anakiuliza maswali matatu. Aliyekiandika ana uhusiano na jambo lenyewe, au anasimama mbali nalo? Kuna mhariri au mchapishaji aliyekikagua? Na kinalieleza jambo kwa kirefu, au kinalitaja tu kwa kupita? Kijana aliorodhesha alivyokuwa navyo: ukurasa wa Facebook wa mtaa, tangazo la mkahawa, na babu yake. Ukurasa na tangazo vilifutwa haraka. Kwa babu, dada aliiweka kalamu chini.

Hapa ndipo pagumu kuliko pote katika kazi hii, na ndipo nilipouona ustadi wake vizuri zaidi. Mzee anajua nyumba ilikuwa wapi na nani aliishi ndani yake. Wikipedia haimkubali, kwa sababu msomaji wa Lima au Hanoi hawezi kumwendea akahakikisha. Msaidizi asiye na subira angesema "babu si chanzo" na kumvunja kijana moyo, tena na kumkosea mzee adabu. Yeye alisema, "Babu ndiye atakayekwambia utafute nini. Mwulize miaka, mwulize majina, kisha tukayatafute yalipochapishwa." Simulizi ya mzee ikawa ramani ya maktaba. Sijaona njia ya heshima zaidi ya kuitii kanuni ambayo, kusema kweli, inazionea nchi ambazo sehemu kubwa ya historia yao bado imo vinywani mwa watu.

Chanzo kikubwa kilipatikana. Mwanahistoria Mnyarwanda José Kagabo alichapisha Paris, mwaka 1988, kitabu kizima kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda. Kiko kwa Kifaransa. Kijana alisoma shule baada ya serikali kuamua, mwaka 2008, kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na Kifaransa chake hakimfikishi mwisho wa ukurasa. Baba yake amesoma kwa Kifaransa. Dada alimweleza kwamba Wikipedia ya Kiingereza inakubali chanzo cha lugha yoyote, na kinachopatikana kwenye karatasi tu bila intaneti, mradi kimechapishwa na kimetajwa kwa ukamilifu. Basi kazi ikahamia nyumbani: baba akisoma, mwana akiandika pembeni namba za kurasa. Nilipoambiwa hivyo niliona kwamba dada amewafundisha wawili kwa kikao cha mmoja.

Waliporudi mezani ndipo uandishi ulipoanza, kwenye ukurasa wa mazoezi ambao kila mwenye akaunti anao. Sentensi ya kwanza ya kijana ilisema kwamba Biryogo ni mtaa wenye ukarimu usio na mfano, uliostahimili dhuluma kishujaa. Dada aliisoma kwa sauti, bila kukunja uso. Kisha akauliza, "Nani amesema?" Kijana akatafuta kwenye karatasi zake. Hakuna aliyesema. Akafuta "usio na mfano". Akauliza tena, "Kishujaa, nani amesema?" Likafutwa. Hakupendekeza neno hata moja badala ya yale yaliyotoka. Alimwacha kijana afumue sentensi yake mwenyewe, kama fundi cherehani anavyomwacha mwanafunzi afumue mshono uliopinda badala ya kumnyang'anya nguo. Kilichobaki kilikuwa kifupi: mtaa ulipo, wilaya ya Nyarugenge, uliwekwa na nani, kwa ajili ya nani, kisha namba ya ukurasa. Na ajabu, kwa kupoteza sifa zake zote sentensi ile ilipata uzito. Mtu anayeisoma anaelewa dhuluma bila kuambiwa ni dhuluma.

Aya ya pili ilikuja laini mno. Dada alihisi mara moja kwamba maneno si ya kijana; alikuwa ameyatafsiri neno kwa neno kutoka kitabuni. Maandishi ya mtu mwingine hayaingii Wikipedia hivyo, hata yakitafsiriwa, kwa kuwa kila kinachowekwa pale kinatolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kukitumia tena, na huwezi kutoa ruhusa ya mali isiyo yako. Hakumtuhumu. Alisema, "Funga kitabu. Nieleze." Kijana akaeleza kwa Kiswahili cha Nyamirambo, kilichochanganyika na Kinyarwanda, mikono ikipanda na kushuka. "Sasa andika hicho." Akaandika kwa Kiingereza, taratibu, na aya ikawa yake.

Tanbihi huwekwa hapohapo, sentensi ikiwa bado moto. Vijana hupenda kuziacha mwisho, na mwishoni hawakumbuki ni ukurasa gani uliosema nini. Yeye haruhusu sentensi ya pili kuanza kabla ya kwanza kupata tanbihi yake: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ukurasa. Kitufe cha kutaja chanzo kipo juu ya ukurasa wa kuhariri, na mgeni akishakibofya mara kadhaa vidole hukizoea. Picha alizimaliza upesi. Picha uliyopiga mwenyewe barabarani, ipakie. Picha ya zamani ya familia, uliza kwanza nani aliipiga; kumiliki karatasi si kumiliki haki ya picha.

Kisha rasimu ikawasilishwa, na kungoja kukaanza. Foleni ya Wikipedia ya Kiingereza huwa na maelfu ya rasimu, na wahakiki ni watu wa kujitolea. Mgeni anaweza kungoja wiki, hata miezi. Katika kipindi hiki dada huwapa kazi nyingine: kusahihisha tahajia kwenye kurasa za wilaya za Rwanda, kuongeza tanbihi moja mahali palipoandikwa kwamba chanzo kinahitajika. Kazi ndogondogo, ila huwafanya wawe wenyeji kabla ya jibu kufika.

Jibu lilikuwa hapana. Kisanduku chekundu hafifu kilikaa juu ya rasimu, kikisema vyanzo havitoshi. Kijana alitaka kuifunga kompyuta. Dada alimwomba aisome taarifa ile yote kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, kisha amweleze kama imerudishwa au imekataliwa kabisa. Wahakiki wanatofautisha mawili hayo: iliyokataliwa kabisa haipokelewi tena, iliyorudishwa inaweza kurekebishwa na kuwasilishwa upya. Ile ilikuwa imerudishwa. Akamsimulia habari za Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ambaye rasimu kumhusu ilirudishwa mwezi Mei 2018 kwa sababu ileile ya vyanzo, na Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Nilimpenda zaidi kwa namna alivyoimaliza hadithi hiyo. Hakuitumia kuwacheka wahakiki. Alisema mhakiki hupima kurasa zilizo mbele yake, si thamani ya mtu wala ya mtaa, na kinachotakiwa ni kumpa kurasa bora.

Alichoagiza baadaye kilikuwa kifupi: mwandikie mhakiki, mshukuru, mwulize ni sentensi ipi haikumridhisha. Kijana aliandika mara ya kwanza kwa hasira, akafuta, akaandika tena. Mhakiki alijibu kwa upole kwamba makala ilisimama juu ya kitabu kimoja tu. Wakarudi kwenye karatasi na kalamu. Muda ulikuwepo, kwani rasimu iliyoachwa hufutwa ikikaa miezi 6 bila kuguswa. Kijana akaanza kupekua magazeti, The New Times na Imvaho Nshya, akitafuta kilichoandikwa juu ya Biryogo, ikiwemo ile barabara iliyofungiwa magari miaka ya Uviko-19 na kupangwa meza za mikahawa.

Kuna njia ya pili, na dada huwaelekeza huko wale wanaoandika Kiswahili kizuri. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haina foleni ya namna hii; makala huingia moja kwa moja, na wakabidhi, yaani wasimamizi wake, huipitia baadaye. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Novemba 2022 Kigali iliwapokea wanawikipedia wa bara zima katika mkutano wa WikiIndaba, kwa hiyo wanaoijua kazi hii mjini si wachache. Mlango ukiwa wazi, anasema dada, mlinzi ni wewe mwenyewe. Anadai tanbihi zilezile, maswali yaleyale matatu, na anamfanya mgeni afungue ukurasa wa majadiliano kabla ya kubishana na mtu.

Ninapoandika haya rasimu ya Biryogo imerudi kwenye foleni ikiwa na vyanzo zaidi, na hakuna ajuaye mhakiki atasema nini. Kilichoikwamisha kwa muda mrefu hakikuwa lugha wala teknolojia. Ni uhaba wa maandishi yanayofikika. Kwa hiyo naomba, wewe unayesoma, iwe uko Kigali, Bujumbura, Goma au Kigoma: kama kabatini mwako kuna kitabu cha historia ya mtaa, tasnifu ya chuo, au rundo la magazeti ya miaka ya nyuma, usiuze kwa kilo. Mwazime kijana anayeandika, na umwonyeshe namba ya ukurasa.