Nondo ya besi ni ya mpigaji

Gita la besi linalopigwa Kasongo au Kabambare, huku Maniema, huishi katika hewa mbili. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mvua ndiyo yenye amri: milango ya mbao huvimba ikakwama kwenye miimo yake, chumvi hulowa, nguo hazikauki. Kisha Juni hadi Agosti mvua hukatika, mchana huwa mkavu, na vumbi huingia hadi kabatini. Besi iliyokaa sawa wakati wa Noeli huweza kufika Julai nyuzi zimeinuka hadi kidole kinauma, au zimeshuka zikagusa freti na kukwaruza kila noti. Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuinua daraja, kusaga kwa tupa kile kipande cha kichwani kinachobeba nyuzi, au kuzilaumu nyuzi zenyewe. Dawa zote tatu hutibu mahali pasipougua. Kilichosogea ni shingo, na kusogea ni tabia ya mbao, si ubovu. Chombo cha kuirudisha kimo ndani ya shingo yenyewe, na kimewekwa humo kitumiwe na mpigaji, kila majira yanapobadilika, kwa kupima na si kwa kubahatisha.

Tuanze na nguvu zinazoshindana humo. Nyuzi nne za besi zikivutwa hadi sauti zake, kwa pamoja huikaza shingo kwa zaidi ya kilo 70, mchana na usiku. Tena besi ina shingo ndefu: tangu Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, urefu uliozoeleka wa uzi kutoka kichwani hadi darajani ni sentimita 86 hivi, ilhali gita la kawaida lina 65 tu. Mti mrefu na mwembamba ukivutwa hivyo hupinda kama upinde. Ndiyo sababu ndani ya shingo hupitishwa nondo nyembamba ya chuma yenye nati upande mmoja, ufumbuzi ambao Thaddeus McHugh, fundi wa kiwanda cha Gibson, alipewa hataza yake mwaka 1923. Nati ikikazwa, nondo huisukuma shingo nyuma, kinyume cha nyuzi. Lengo si kuinyosha kabisa. Uzi unaotikisika huhitaji nafasi katikati ya safari yake, kwa hiyo shingo nzuri huwa na bonde dogo sana, karibu theluthi moja ya milimita kwenye freti ya 7 au ya 8. Likizidi, nyuzi huwa juu na noti za mbele hupotoka. Likikosekana, uzi hugonga freti za karibu na kichwa.

Sasa hewa. Mbao hunywa na kutoa maji hadi zilingane na hewa inayozizunguka. Katika joto letu, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu; unyevu ukishuka hadi 45, maji hayo hubaki 8 hivi. Tofauti hiyo ya nusu kwa nusu huipanua na kuisinyaza mbao kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, na mtu aweza kuuliza: ikiwa urefu haubadiliki sana, shingo inapindaje? Inapinda kwa sababu si mti mmoja wenye ngozi moja. Nyuma imepakwa vanishi, mbele ubao wa freti mara nyingi uko wazi. Mbele ni mti mwingine, nyuma mwingine. Upande mmoja hunywa haraka kuliko mwenzake, na tofauti ndogo mno ya urefu kati ya mbele na nyuma yatosha kuzaa theluthi ya milimita, au kuifuta.

Hapa ndipo mazoea yanapowapotosha wengi. Wapiga magita wa Ulaya na Marekani wana kanuni: hewa ikikauka legeza nondo, ikilowa kaza. Kanuni hiyo imezaliwa katika nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi, na hata huko haiwafai wote, kwa kuwa unyevu hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza huuvimbisha ubao wa mbele, nao huisukuma shingo nyuma. Pili huulainisha mti mzima, nazo nyuzi hupata nguvu ya kuuvuta mbele. Ni ipi itakayoshinda? Inategemea besi: unene wa shingo, aina ya ubao, vanishi, uzito wa nyuzi. Katika kwaya moja zinaweza kuwapo besi mbili, na mvua ya Novemba ikaipinda moja mbele na nyingine nyuma. Anayekaza kwa sababu tu mvua zimeanza anaweza kuwa anaongeza ugonjwa. Hali ya shingo husemwa na kipimo peke yake, na jambo hili nalisisitiza kwa sababu besi nyingi zimeharibiwa na watu wenye nia njema waliokuwa na kanuni mkononi badala ya kipimo.

Kipimo chenyewe hakihitaji duka. Seti ya kawaida ya nyuzi za gita la solo ina uzi wa kwanza wenye unene wa milimita 0.25, wa pili 0.33, wa tatu 0.43. Vipande vya nyuzi hizo zilizokatika, ambavyo hakuna bendi inayovikosa, ndivyo vipimo. Besi isawazishwe kwanza katika sauti ileile inayopigwa kanisani au ukumbini. Kama bendi hushusha nusu noti ili kumfuata mwimbaji, ipimwe ikiwa imeshushwa, kwa sababu mvuto umepungua nayo shingo inajua. Ishikwe kama inavyopigwa, isilazwe mezani. Uzi mnene ubanwe kwenye freti ya kwanza kwa kidole, na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na kiwiliwili kwa mkono wa pili, kisha mwenzako apitishe kipande chini yake kwenye freti ya 7. Kile cha 0.33 kikipita bila kuunyanyua uzi, na cha 0.43 kikaunyanyua kidogo, acha. Nafasi ikizidi, kaza nati robo mzunguko kuelekea saa inapoenda, sawazisha tena, uiache besi hadi kesho, upime upya. Isipokuwapo nafasi, legeza kwa kiasi hichohicho. Robo, na kusubiri: mti haujibu wote papo hapo, na anayezungusha nusu mzunguko kwa sababu hakuona badiliko atakuta asubuhi amepita alipotaka.

Wapo watakaosema nondo ni kazi ya fundi, na kwamba ikikatika besi imekufa. Hofu hiyo ina msingi, maana nati hukatika na pembe zake huliwa. Lakini tuangalie huharibikaje. Mara nyingi ufunguo haukuwa wa kipimo chake: besi nyingi za Fender hutumia wa inchi 3/16, nyingine nyingi hutumia milimita 4 au 5, na ufunguo unaokaribia kuenea ndio unaokula pembe. Mara nyingine kutu ya miaka imeshika nati, na mtu akashindana nayo badala ya kuilegeza kwanza, kutia tone la mafuta kwenye uzi wa skrubu, na kupunguza mvuto wa nyuzi kabla ya kukaza. Nati inayoguswa kila majira haishikwi na kutu. Kuhusu fundi, mji wa Kindu anakopatikana uko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo mvua huikata, na shingo iliyorekebishwa mbali kisha ikapanda pikipiki siku kadhaa inaweza kurudi ikiwa nyingine. Mnunuzi na aangalie nati iko wapi: Precision za mwanzo ziliiweka upande wa kiwiliwilini, na kuigusa hulazimu kufungua shingo. Kwa Maniema, iliyo kichwani inafaa zaidi.

Wengine hulegeza nyuzi zote baada ya kila ibada ili shingo ipumzike. Shingo haipumziki hivyo. Nyuzi zikilegea, nondo hubaki ikisukuma peke yake, shingo hurudi nyuma, na Jumapili inayofuata hupinda tena mbele. Kila juma inaanza upya safari ambayo ingemalizika siku mbili za kwanza. Afadhali ibaki katika sauti yake, ndani ya mfuko, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Hatari kubwa kuliko unyevu ni joto likiungana na mvuto. Gundi ya mbao ya kisasa huanza kudhoofika karibu na digrii 60, na mfuko mweusi uliofungwa nyuma ya pikipiki saa saba mchana, au kulazwa juu kabisa chini ya mabati, unaweza kukaribia hapo. Mafundi hunyosha shingo iliyoharibika kwa kuipasha moto huku wameibana ubao ulionyooka. Jua hufanya kazi ileile, ila linaibana kwa nyuzi zenyewe, na umbo linalobaki nondo haiwezi kulifuta. Safarini, basi, shusha sauti noti moja nzima na uifunike kwa kitambaa cheupe.

Kuna jibu la shingo za nyuzinyuzi za kaboni, ambazo watengenezaji Modulus na Steinberger walizithibitisha tangu mwisho wa miaka ya 1970. Hazinywi maji, ni kweli, lakini bei yake haifikiwi na kwaya za hapa. Ninachokiona chenye matumaini zaidi ni mti wetu. Wenge ya Afrika ya Kati ilifanywa shingo za besi na Warwick wa Ujerumani kwa miaka mingi, na Kinshasa fundi Socklo amejenga magita kwa mbao za nchini kwa miongo. Shingo ya kiwandani imekaushwa kwa hewa kavu ya mbali, na ikifika huku hunywa maji miezi kadhaa kabla ya kutulia, ndiyo maana mwaka wa kwanza hudai kupimwa mara nyingi zaidi. Ubao uliokaushwa polepole kivulini Kasongo umeshatulia katika hewa ya Kasongo. Ugumu wa mti si hoja kubwa. Hoja ni nyuzinyuzi zilizonyooka kutoka mwisho hadi mwisho, na msumeno uliopasua gogo kuelekea kiini chake, kwa kuwa mbao iliyopasuliwa hivyo hutanuka kidogo zaidi ya nusu tu ya ile iliyopasuliwa kwa kufuata duara. Seremala wa hapa anaweza kuchagua ubao huo. Asichoweza kuruka ni nondo: shingo ya besi bila nondo, hata ya mti ulio bora, itahitaji unene ambao mkono wa kushoto hautaupenda.