Salamu Nne Zilizopotea Kati ya Dareda na Dongobesh

Dareda iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na Dongobesh iko juu yake. Fundi wa mtandao akisimama Dareda akatazama juu, anajua kwamba kiungo cha redio cha kupanda ule ukuta ndicho kitakachomtoa kitandani usiku wa masika. Mimi kiungo hicho nimekikata mara nyingi mno, na hakuna muuguzi wala mwalimu aliyepoteza mawasiliano, kwa sababu chote kilikuwa ndani ya kompyuta mpakato moja yenye RAM ya gigabaiti 8.

Nilichukua miji sita: Babati, Dareda, Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh. Kila mji niliupa ruta yake, nikaziunganisha kwa mzunguko hadi Katesh ikarudi kushikana na Babati, zikawa pete. Huu si mtandao wa kampuni yoyote. Ni ramani ya Babati, Mbulu na Hanang niliyoigeuza zoezi. Haydom niliweka kompyuta ya mtumiaji na seva ya mafaili, na Babati nikaweka njia ya kutokea kwenda intaneti.

Anayeanza kabisa aanze na Packet Tracer ya Cisco. Ni nyepesi, na ataelewa anwani na njia bila kuhangaika. Lakini ajue kwamba ile ni maigizo: ruta anayoiona inajibu zile amri tu ambazo waandishi wa programu walizitia humo. Kompyuta pepe ni jambo jingine. VirtualBox inaendesha mfumo wenyewe wa ruta, pamoja na hitilafu zake. Nilitumia RouterOS ya MikroTik, toleo la CHR lililotengenezwa kwa ajili ya kompyuta pepe. Leseni yake ya bure inabana kila mlango usitoe zaidi ya megabiti 1 kwa sekunde, na kwa kujifunza njia za pakiti hiyo inatosha sana. Kila ruta niliipa megabaiti 256, kwa hiyo zote sita zilikula gigabaiti moja na nusu. Hata mwenye RAM ya gigabaiti 4 anaweza, mradi afunge kivinjari na atumie Debian isiyo na madirisha kwa kompyuta zinazobaki.

Kuna kikwazo kimoja kinachowavunja moyo vijana wengi, nacho ni kidogo. Kompyuta nyingi za mtumba huja na uwezo wa kuendesha kompyuta pepe ukiwa umezimwa ndani ya BIOS. VirtualBox inagoma, kijana anaamini kompyuta yake ni mbovu, anaacha. Aingie BIOS, atafute VT-x, au AMD-V kama prosesa ni ya AMD, aiwashe.

Ruta zilielewana kwa OSPF. Itifaki hii inapendeza kuieleza kwa Kiswahili, kwa maana inafanya kazi kama ujirani: kila baada ya sekunde 10 ruta inamtumia jirani yake salamu. Sekunde 40 zikipita bila salamu, yaani nne mfululizo zimepotea, jirani anahesabiwa amekufa na njia mpya inatafutwa.

Jaribio la kwanza lilinidanganya. Nilizima kebo ya ruta ya Dongobesh upande wa Dareda kwa kuondoa alama ya tiki kwenye VirtualBox. Ping kutoka Haydom kwenda Babati ilikwama kidogo, kisha ikaendelea kupitia Basotu na Katesh. Nilifurahi bure. Dongobesh ilikuwa imeuona mlango wake ukifa, ikatangaza habari kwa kuzungukia upande wa pili wa pete, na habari hiyo ikaifikia Dareda mara moja. Kiungo cha redio hakifi hivyo. Mvua ikimeza mawimbi juu ya ukuta, kebo kati ya ruta na redio inabaki nzima na taa ya kijani inawaka pande zote mbili. Ruta haioni chochote kilichoharibika. Inangoja salamu.

Ili niipate hali hiyo ilinibidi niweke kitu katikati: Debian ndogo yenye kadi mbili za mtandao, nikaziunganisha ziwe daraja. Haikupitisha ping. Niliendesha tcpdump nikaona swali la ARP, lile la nani mwenye anwani hii, likitoka Dareda na kufika Dongobesh, lakini jibu halirudi. Nilipoteza karibu saa mbili nikikagua anwani ambazo hazikuwa na kosa. Kumbe swali la ARP linatangazwa kwa wote, hivyo kila kadi inalipokea, ila jibu linaandikwa jina la mlengwa mmoja, na VirtualBox kwa kawaida haiiruhusu kadi ipokee fremu isiyoandikiwa anwani yake. Katika mipangilio ya kadi kuna sehemu ya kuruhusu fremu zote. Nikairuhusu kwa kadi zote mbili, daraja likafunguka. Saa mbili hizo zilinifundisha ARP kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma.

Baada ya hapo nilitumia amri ya tc, yenye kitu kiitwacho netem, kuliamuru daraja litupe kila pakiti. Taa zote zikabaki kijani. Ping ikanyamaza kimya kwa sekunde thelathini na kitu, ndipo ikarudi kwa njia ya Katesh. Huo ndio usiku wa masika.

Dawa inayokimbiliwa ni kuharakisha salamu: moja kila sekunde, na jirani ahesabiwe amekufa baada ya sekunde 4. Kwenye kiungo kizima inafanya kazi vizuri. Sasa liambie daraja lipoteze asilimia 30 ya pakiti, kama redio inayohangaika kwenye mvua. Uwezekano wa salamu nne mfululizo kupotea ni 0.3 × 0.3 × 0.3 × 0.3, yaani 0.0081. Fanya hesabu mpaka mwisho utakuta jirani anatangazwa marehemu kila baada ya dakika tatu hivi, kisha anafufuka, kisha anakufa tena, na kila mara ruta zote sita zinapanga njia upya. Kiungo kibovu kinachopepesa kinaumiza kuliko kilichokufa. Nilirudi nyuma, nikaweka salamu kila sekunde 3 na kikomo cha sekunde 12, na hapo sitaki kumwekea mtu kanuni. Apime kiungo chake.

Kuna mengi ambayo kompyuta haitayafundisha: kubana kichwa cha RJ45, kutega dishi, kusimika waya wa ardhi kabla radi haijafika. Hayo yanahitaji mikono na ngazi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Baada ya siku ile siwezi tena kuchora pete na kudhani Katesh itakuwepo daima kuiokoa Dareda. Kwa hiyo niliizima ruta ya Katesh, nikaacha daraja la Dareda likiwa limekatwa. Dongobesh, Haydom na Basotu zikabaki kisiwa.

Ndani ya kisiwa ping zilipita vizuri. Lakini kompyuta ya mtumiaji pale Haydom haikuweza kuifungua seva ya mafaili iliyo hapo hapo Haydom, zote zikiwa nyuma ya ruta moja. Nilidhani nimeharibu kitu. Nikaandika anwani yake kwa namba, ikafunguka papo hapo. Jina la seva ndilo lililokuwa limepotea: DNS, inayogeuza jina kuwa anwani, niliiweka Babati, kwa kuwa huko ndiko inakotokea intaneti. Mtu wa Haydom alikuwa anauliza Babati nyumba ya jirani yake iko wapi, na Babati haifikiki.

Nikaongeza DNS ya pili kwenye ile seva ya Haydom, megabaiti chache tu. Nikazima tena Katesh, nikakata tena Dareda, nikaita seva kwa jina lake. Ikajibu.