Mtungi Kwanza, Mvinyo Baadaye

Mwongoza watalii asiyeijua kazi hujulikana mapema. Ni yule anayeshika kipaza sauti basi linapoondoka na asikiweke chini mpaka hotelini. Kila jiwe analipa mwaka wake, kila mfalme namba yake, na jioni msafiri hana anachokumbuka. Anayeijua kazi huchelewa kumtambua, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake imefanyika kabla hujapanda basi.

Mama aliyetuongoza mashariki mwa Georgia, nchi ile ndogo ya Kaukazi iliyobanwa kati ya Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan, alikuwa wa namna hii ya pili. Mzaliwa wa Telavi, wa makamo, sauti ya chini. Ziara nyingi za huko hufuata njia moja: zinatoka Tbilisi, mji mkuu, hadi Sighnaghi, mji mzuri wa mlimani, ambako mgeni anapewa glasi ya mvinyo kabla ya adhuhuri na kupigwa picha akiwa nayo. Monasteri hufuata mchana, watu wakiwa wamechoka na wengine wamelewa. Yeye aliipindua ratiba hiyo yote. Sighnaghi akaiweka mwisho, mvinyo akauchelewesha, na mambo aliyoyatanguliza yalionekana madogo mpaka tulipofika kwenye makubwa.

Alianzia Mtskheta, mji mkuu wa kale, mwendo wa kilomita ishirini hivi kutoka Tbilisi. Kwanza alitupandisha Jvari, kanisa la mawe lililojengwa juu ya kilima mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa ya 7, tukatazama chini mito ya Aragvi na Mtkvari inapokutana. Ndipo tukashuka hadi kanisa kuu la Svetitskhoveli, la karne ya 11. Hapo waongozaji wengine walikuwa wamewakusanya watu wao mlangoni. Wetu alituzungusha nyuma, ukuta wa kaskazini, akanyoosha kidole juu bila kusema neno. Ilichukua muda kuuona: mkono umechongwa kwenye jiwe, umeshika chombo cha fundi cha kupimia pembe. Ni mkono wa Arsukidze, aliyelijenga kanisa. Hadithi ya kwamba fundi huyo alikatwa mkono kwa wivu wa mwalimu wake ni tamu, na kila mtu huko anaisimulia. Yeye aliitoa baadaye, tukiwa tunakula. Pale ukutani alitaka tuone jiwe tu, na tujue kwamba ziara hii itahusu mikono ya watu.

Kabla ya kuingia alifungua mkoba wake mkubwa akatoa mitandio na vitambaa vya kujifunga kiunoni, maana makanisa ya Kiorthodoksi ya Georgia hayapokei mwanamke kichwa wazi wala mwanamume wa kaptura. Wanawake wa kwetu waliokuwa na ushungi wao walipita moja kwa moja, na bibi kizee wa mlangoni aliwatikisia kichwa kwa heshima kuliko wageni wengine wote. Ndani ya kanisa hakuzungumza hata mara moja. Maelezo yote alikuwa ameshayatoa nje, kwenye kivuli, kwa kifupi.

Kuelekea Kakheti, jimbo la zabibu, njia hupanda safu ya Gombori kupitia misitu, kisha hushuka kwenye bonde la Alazani. Mwendo mzima alikaa kimya. Tulipofika, hakutupeleka kwenye shamba la mizabibu wala kwenye ghala la mvinyo. Alitupeleka Vardisubani, kijiji kilicho jirani na Telavi, kwenye ua wa mfinyanzi.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kama yeye alivyotukalisha. Kinachofinyangwa pale kinaitwa kwevri. Ni mtungi usio na mikono, wenye umbo la yai lililochongoka chini, na haukusudiwi kusimama popote, kwa kuwa maisha yake yote utakaa umezikwa ardhini hadi shingoni. Midogo hubeba lita chache. Mikubwa hupita lita 1,000, na anayeiosha hulazimika kuingia ndani mzima mzima. Gurudumu la mfinyanzi halitumiki. Fundi huanza na ncha ya chini, kisha hupandisha ukuta kwa tabaka za udongo alizozibiringisha kwa mkono, akizishikiza na kuzilainisha kwa kibao. Akishaongeza kimo cha kiganja hivi, anaacha. Akizidisha, udongo wa chini ungali mbichi na hauhimili uzito, ukuta unajikunja. Akikawia, wa chini umekauka na wa juu haushikani nao, na ufa wa kesho umeshapandwa leo. Kwa hiyo anafinyanga mitungi mingi kwa pamoja, imepangwa safu, huu umefika magotini, ule kiunoni, ule umempita kichwa, naye anatembea kati yake akijua upi uko tayari kupokea. Mkubwa mmoja huchukua wiki nyingi kuinuka, kisha wiki nyingine kukauka kivulini. Ndiyo sababu kazi hii ni ya miezi ya joto.

Kisha moto. Joko ni chumba cha matofali. Mitungi ikishapangwa ndani, mlango hujengwa kwa matofali na kuachwa tundu la kuni. Moto huanza mdogo, unakuzwa polepole, na huchochewa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima mpaka joto lipite nyuzi 1,000. Anayeharakisha siku ya kwanza hupasua kazi ya miezi. Mitungi ikitoka, wakati bado ina vuguvugu, hupakwa ndani nta ya nyuki, nayo huingia kwenye vitundu vya udongo. Nje hupakwa chokaa kabla ya kuzikwa.

Mwenzetu mmoja aliwakumbuka akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa soko la Matema, nao pia hupandisha ukuta wa udongo kwa mikono na subira. Ulinganisho ulikuwa wa haki. Tofauti ni kwamba chungu cha Kikisi hukaa jikoni, kikaonekana, kikasifiwa rangi na urembo wake. Kwevri ikishakamilika hufukiwa, na kama imefanywa vizuri haitaonekana tena kwa vizazi kadhaa. Fundi anasawazisha ukuta ambao hakuna jicho litakaloukagua. Kitakachomhukumu ni ladha ya kinywaji.

Mwongozaji wetu, wakati wote huo, alikuwa ameketi kwenye benchi. Alisubiri fundi amalize tabaka lake, ndipo akamwomba ruhusa tuingize mikono ndani ya mtungi mkavu tuusikie. Baadaye ndipo akaeleza kwa nini umbo ni lile. Zabibu zikikanyagwa, maji yake humiminwa ndani pamoja na maganda, mbegu na mara nyingi hata vikonyo, na yanapochachuka hukorogwa mara kadhaa kwa siku. Uchachu ukitulia, mdomo wa mtungi hufunikwa na kuzibwa kwa udongo hadi majira ya kuchipua. Mbegu, zilizo nzito, huzama kwanza kwenye ile ncha, na mashapo yakishuka huzifunika, kwa hiyo uchungu wake hubaki chini. Ubaridi wa ardhi huuweka mvinyo katika joto moja bila mashine yoyote. Na kwa kuwa maji yamekaa na maganda miezi mingi, zabibu nyeupe za Rkatsiteli hutoa mvinyo wa rangi ya kaharabu. UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013.

Alasiri ile alitupitisha Ikalto, monasteri iliyokuwa na chuo enzi za kati, ambako mitungi mikuukuu imelala majanini na mtu anaweza kuizunguka. Ndipo akatupeleka Alaverdi. Kanisa kuu la Alaverdi, la karne ya 11, linasimama peke yake katikati ya bonde, kuba lake likipita mita 50, milima ya Kaukazi nyuma yake. Watawa wake wamerudia kutengeneza mvinyo kwa njia ya zamani. Lakini ukiingia kwenye chumba chao cha mitungi, unachokiona ni sakafu yenye mashimo ya mviringo yaliyofunikwa. Hakuna zaidi. Kundi lililotutangulia lilipiga picha mbili likatoka. Sisi tulisimama. Tulijua chini ya kila tundu kuna kimo gani, kuna ukuta wa namna gani, na kuna miezi mingapi ya mtu mmoja.

Nilimuuliza kama alikuwa ameipanga siku hivyo makusudi. Akasema mfinyanzi huwa na nafasi asubuhi.

Ufundi wake wa pili tuliuona Gremi, ngome na kanisa vilivyobaki katika uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Kakheti karne ya 16. Shah Abbas wa Uajemi aliuvunja katika vita vyake vya miaka ya 1614 hadi 1617, akawahamisha maelfu kwa maelfu ya watu, na wajukuu wao wako Iran hadi leo, eneo la Fereydunshahr, wengine wakisema Kigeorgia. Hayo angeyasimulia mwongozaji yeyote. Ila yeye jioni ya kwanza alikuwa ametuuliza kila mmoja ametoka wapi, na nadhani usiku alifungua vitabu. Akatugeukia sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Akatuambia kwamba Allahverdi Khan, mmoja wa majemadari wakubwa wa Shah huyo, alikuwa Mgeorgia kwa asili, na mwanawe, Imam Quli Khan, ndiye aliyeongoza jeshi la Uajemi lililowang'oa Wareno Hormuz mwaka 1622, wakisaidiwa na meli za Waingereza. Akanyamaza hapo. Mwenzetu wa Mombasa akadakia mwenyewe: Wareno wakategemea Muscat, Waomani wakaitwaa 1650, kisha wakaja mpaka Fort Jesus, ikaanguka 1698. Aliisema kwa sauti, mbele ya Wajerumani na Wapolandi waliokuwa kundini, kama mwenye nyumba. Kumwachia mgeni amalizie hadithi ni ustadi ambao hakuna chuo kinachouweka kwenye mtihani.

Mwenzetu huyohuyo hagusi kileo. Katika karamu ya Kigeorgia, supra, hilo lingeweza kuwa jambo gumu, maana kila mlo una tamada, msimamizi wa dua na maneno, anayeinua glasi kwa mpangilio: amani, nchi, waliotangulia, watoto, wageni. Kukataa kinywaji katikati kunakatiza. Mama yule alikuwa ameshampigia simu mwenye nyumba. Mezani tulikuta chupa ya tarkhuna, soda yao ya kijani ya majani yenye harufu tamu, imewekwa mbele ya kiti kimoja bila neno lolote, na tamada alimgeukia mgeni yule mara nyingi kuliko sisi tuliokunywa. Tafsiri yake nayo ilikuwa ya kusikilizwa. Mzee anazungumza kwa dakika tano, yeye anasema sentensi tatu, na vicheko vinafika mahali pake.

Siasa aliigusa kidogo, njiani, kwenye mashamba. Mwaka 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Georgia, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2013. Urusi ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu. Viwanda vilivyokuwa vikiuza mvinyo mwingi wa bei nafuu vilitikisika, na wakulima wadogo wakalazimika kutafuta wanywaji wa mbali, ambao walivutiwa na kilichokuwa kimefukiwa nyuma ya nyumba. Hesabu ya miaka 8,000, inayotokana na mabaki ya mvinyo kwenye vigae vya Gadachrili Gora na Shulaveri yaliyochunguzwa na kutangazwa mwaka 2017, aliitaja mara moja tu. Uwanja wa ndege huisema ya kutosha.

Sighnaghi ilikuja mwisho. Kuta za karne ya 18 za Mfalme Erekle II, minara 23, bonde lote miguuni, na karibu yake Bodbe, alikozikwa Mtakatifu Nino, aliyeleta Ukristo nchini karne ya 4. Mji wenyewe umekarabatiwa mno kwa ajili ya watalii. Rangi ni mbichi, vibaraza vinafanana. Ningekuwa nimeuona wa kwanza ningeusifu zaidi ya haki yake. Kilichostahili kukawia ni jumba la makumbusho lenye picha za Niko Pirosmani, mchoraji wa Kakheti.

Ukipanga safari ya huko, omba ratiba kabla ya kulipa, na kama inaanza na glasi Sighnaghi, omba igeuzwe: Mtskheta, mfinyanzi, Ikalto, Alaverdi, ndipo mengine. Nenda Septemba au Oktoba, wakati wa mavuno, ambapo majoko bado yanawaka. Wafinyanzi wa kwevri waliobaki ni wachache, na mwongozaji anayejua saa zao, na anayejua wapi unatoka, ana thamani kuliko kitabu chochote cha wasafiri. Mlipe vizuri.