Hatimiliki Ukutani: Kuisoma Upya Nitaolewa Nikipenda

Jina la tamthilia hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ lina vitenzi viwili, na hakuna hata kimoja kilichokwisha kutendeka. Kuna -ta- ya wakati ujao na -ki- ya sharti. Familia ya Kiguunda inaishi hapo katikati: mambo yatanyooka, mradi jambo fulani litokee kwanza. Swali linalouendesha mchezo ni hili: mwenye sharti ni nani?

Jibu liko ukutani. Katika nyumba ya chumba kimoja, yenye kuta za udongo, imetundikwa hatimiliki ya ekari moja unusu. Kiguunda, kibarua wa tajiri Ahab Kioi, huiangua, huitazama, kisha huirudisha mahali pake. Ishara hiyo ya mkono inabeba uzito mkubwa kuliko hotuba yoyote, kwani ndoto yake imekuwa kitu cha kushikwa na kupanguswa vumbi, si cha kutumiwa.

Nilikuwa Spring Valley, jijini Nairobi, niliporudia kuisoma tamthilia hii. Huko, asubuhi, watu huteremka kutoka kwenye matatu katika Barabara ya Lower Kabete, wakaingia malangoni kufua, kufyeka nyasi na kulinda nyumba za wengine. Katika nyumba za wengi wao, ukutani utakuta cheti cha shule cha mtoto kilichotiwa fremu. Karatasi hiyo nayo inangoja.

Kioi anapobisha hodi, Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani amekuja kumposea mwanawe binti yao Gathoni. Kumbe anataka wao wenyewe wakafunge ndoa kanisani. Kosa hilo la kusikia limesukwa kwa ustadi: tamaa iliyocheleweshwa mno husikia inachokitaka. Hatimiliki inawekwa rehani benki ili igharimie arusi. Wangeci na mumewe wanaiona arusi hiyo jukwaani kama njozi, na mimba ya Gathoni, aliyetupwa na mwana wa Kioi, inaikatiza. Kuanzia hapo kila mmoja anavunjika kivyake: binti anaishia baa, baba anafutwa kazi na kuzama katika pombe, na mama anabaki kuhesabu hasara. Shamba linapigwa mnada, naye Kioi analinunua.

Nyimbo nazo zina kazi. Kila njia ya mbele inapozibwa, wimbo huirudisha familia nyuma, kwenye kiapo na mapambano ya Mau Mau. Waandishi wanatuambia kwamba ndoto hii ina umri mkubwa kuliko Gathoni. Ni deni la uhuru.

Wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliuigiza mchezo huu kwa Kikuyu kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977. Kabla Novemba haijaisha kibali cha kuuigiza kilikuwa kimefutwa, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Mei 2022 mchezo huo ulirudi jukwaani katika Ukumbi wa Maigizo wa Kitaifa wa Kenya, jijini Nairobi.

Mwishoni wimbo unabadilisha nafsi: ni- ya kichwa cha tamthilia inakuwa tu- ya umoja wa wanyonge. Mabadiliko hayo yananigusa, lakini hayanitoshelezi. Gathoni, ambaye -ki- ya kichwa ilikuwa haki yake, bado yuko baa, na tu- hiyo haijamfikia.